Wakalimani Waliomo Laini: Matabaka ya Lugha Kutoka Chipu hadi "Tuma Pesa"

Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi chipu ndogo iliyomo katika laini ya simu inavyobeba msururu wa lugha zinazokalimaniana, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Mkulima wa Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, anapotaka kumtumia mwanawe karo, hufungua simu ya mkononi na kuchagua maneno mawili: "Tuma pesa". Kwake, maneno hayo ni bayana. Hata hivyo, hakuna chipu duniani inayokielewa kitenzi "tuma". Kile ambacho chipu inaelewa ni mfululizo wa tarakimu za sifuri na moja, basi. Baina ya kitenzi hicho na tarakimu hizo pana umbali mkubwa, na umbali huo haurukwi kwa hatua moja. Huvukwa kwa kupitia wakalimani kadhaa waliopangwa mmoja juu ya mwingine, wote wakiwa ndani ya kipande cha silikoni ambacho ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba kila tabaka la ukalimani ndani ya chipu hununua uhuru kwa kulipa kasi na nafasi, na kwamba tabaka la juu kabisa, yaani lile la lugha ya binadamu, ni sehemu ya mtambo huo sawa na matabaka mengine. Likiwa na kasoro, mtambo mzima una kasoro. Aghalabu wataalamu wa tarakilishi huyachunguza matabaka ya chini na kuliacha la juu, nao wataalamu wa lugha huliangalia la juu bila kujua linakalia nini. Makala yanajaribu kuyatazama yote pamoja.

Tafsiri na ukalimani: dhana mbili

Wanafunzi wa isimu na fasihi wamezoea kutofautisha tafsiri na ukalimani. Neno "tafsiri" lina asili ya Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kufafanua. Ndiyo maana hutumika pia kwa ufafanuzi wa maandiko matakatifu. "Ukalimani" nao unatokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu usemi. Katika matumizi ya kitaaluma, mfasiri hushughulikia matini yaliyoandikwa: huyasoma yote, huyapima, kisha hukabidhi matini mapya yaliyokamilika. Mkalimani hushughulikia usemi: husikia kauli moja, huitoa katika lugha ya pili, kisha husubiri kauli inayofuata. Kazi ya mfasiri ikiisha, msomaji hamhitaji tena. Mkalimani anapaswa kuwapo muda wote wa mazungumzo. Akitoka chumbani, mazungumzo hukoma.

Tofauti hii ndiyo hasa inayotawala namna programu za tarakilishi zinavyotekelezwa. Kompaila ni mfasiri: hupokea programu nzima na kuigeuza kuwa amri za chipu kabla ya kazi kuanza. Intapreta ni mkalimani: husoma amri moja ya programu, huitekeleza papo hapo, kisha huenda kwa amri ya pili. Kompaila huzaa programu iendayo kasi lakini iliyofungamana na aina moja ya chipu, kama vile tafsiri ya Kiswahili isivyomfaa msomaji wa Kifaransa. Intapreta huzaa mwendo wa polepole, lakini programu ileile huweza kutekelezwa na chipu yoyote, mradi chipu hiyo ina mkalimani wake.

Kuna pia ukalimani wa kupokezana. Katika mkutano wa hadhara, mgeni huweza kuhutubu kwa Kiingereza; mkalimani wa kwanza akautoa usemi wake kwa Kiswahili; wa pili, asiyejua Kiingereza hata kidogo, akakipokea Kiswahili hicho na kukitoa kwa Kikamba. Mambo mawili ya kuzingatia yanajitokeza hapa. Kwanza, mkalimani wa pili hahitaji kumjua mgeni wala lugha yake. Kinachomhusu ni Kiswahili tu. Mgeni akibadilishwa na mwingine anayesema Kifaransa, ni mkalimani wa kwanza anayepaswa kubadilishwa. Pili, kosa la mkalimani mmoja huwafuata wote walio mbele yake, wala hakuna anayeweza kuligundua kwa kuusikiliza usemi alioupokea. Uhuru huo na hatari hiyo ndivyo vilivyomo katika laini ya simu.

Thika na mwanzo wa benki ya mfukoni

Uhusiano wa eneo la Thika na suala hili si wa kubuniwa. Mnamo Oktoba 2005 kampuni ya Safaricom, ikishirikiana na Vodafone ya Uingereza, ilianza kuifanyia majaribio huduma iliyokuja kujulikana kama M-PESA. Majaribio hayo yalifanyika Thika na katika sehemu za Nairobi. Yaliwahusu wateja wapatao 500 na maduka machache ya mawakala, kwa ushirikiano na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Shabaha ya awali ilikuwa nyepesi: kumwezesha mkopaji kulipa mkopo wake kwa simu badala ya kubeba fedha taslimu hadi kwenye mkutano wa kikundi.

Wateja hawakuishia hapo. Walitumiana fedha wao kwa wao, wakalipana katika biashara, na wengine wakaweka fedha mwanzoni mwa safari ili wazichukue mwishoni, wasije wakaporwa njiani. Waanzilishi wa mradi waliyaona matumizi hayo na wakaifanya huduma kuwa nyepesi zaidi: kutuma pesa. Ilizinduliwa rasmi nchini Kenya mwezi wa Machi 2007.

Swali la kiufundi lililowakabili wabunifu lilikuwa hili: huduma iwekwe wapi? Simu nyingi za wakati huo zilikuwa za bei nafuu, zisizo na intaneti wala uwezo wa kuongezewa programu. Simu ya mkazi wa Gatuanyaga haikuwa sawa na ya jirani yake, na hakuna kampuni ambayo ingeweza kuiandikia kila aina ya simu programu yake. Lakini simu zote zilishiriki kitu kimoja, nacho ni laini. Laini hiyo, yaani kadi ya SIM, ilikuwa mali ya kampuni ya mawasiliano, na ndani yake mlikuwa na tarakilishi kamili. Menyu ya M-PESA ikatiwa humo. Ndiyo sababu katika miaka ya mwanzo mteja mwenye laini ya zamani alilazimika kubadilishiwa laini ndipo aione menyu hiyo: haikuwa simu iliyokosa kitu, ilikuwa ni laini.

Matabaka ndani ya chipu

Watu wengi hudhani kuwa laini ni ghala tu la nambari ya simu na majina ya marafiki. Kwa hakika, tangu laini za kwanza zilipotolewa mwaka wa 1991, kila mojawapo imekuwa na kichakataji chake. Laini za kawaida za miaka ya 2000 zilikuwa na kichakataji kidogo, kumbukumbu ya kudumu inayoandikika ya takriban kilobaiti 32 au 64, na kumbukumbu ya muda ya kilobaiti chache. Ukurasa mmoja wa jarida hili una herufi zipatazo elfu tatu. Kumbukumbu ya muda ya laini kama hiyo ingetosha kurasa mbili tatu tu. Katika nafasi hiyo finyu ndimo matabaka yafuatayo yalimopangwa.

Tabaka la kwanza ni kichakataji chenyewe. Lugha yake ni amri za silikoni, nazo hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine.

Tabaka la pili ni mfumo wa uendeshaji, uliochapwa ndani ya kumbukumbu isiyofutika wakati chipu inapotengenezwa. Huu ndio unaolinda mafaili, funguo za siri na mawasiliano baina ya laini na simu.

Tabaka la tatu ni mkalimani wa kwanza. Mwaka wa 1996 wahandisi wa kampuni ya Schlumberger mjini Austin, Marekani, walifaulu kuingiza sehemu ndogo ya lugha ya programu ya Java ndani ya kadi yenye chipu, na mwaka huohuo kampuni ya Sun Microsystems ikatangaza kiwango cha Java Card. Hapa tafsiri hutangulia na ukalimani hufuata. Mwandishi wa programu huandika katika Java kwenye tarakilishi kubwa. Kompaila huifasiri kazi yake kuwa msimbo wa kati, yaani mfululizo wa baiti ambao si Java tena lakini pia si amri za chipu yoyote. Kisha msimbo huo hupakiwa katika laini. Ndani ya laini anaketi mkalimani anayeitwa mashine ya kidhahania. Kazi yake ni ya mzunguko usiokoma: soma baiti moja, tambua inaagiza nini, tekeleza, rudi kwa inayofuata. Akikuta baiti yenye thamani ya 65, kwa mfano, huchukua namba mbili zilizo juu ya rundo lake, huzijumlisha na kuirejesha jumla. Chipu iliyo chini yake haijui kitu kiitwacho 65 chenye maana hiyo. Maana hiyo iko kwa mkalimani tu.

Tabaka la nne ni programu ndogo, yaani apleti, inayoishi juu ya mkalimani huyo. Apleti moja huweza kuwa ya fedha, nyingine ya habari. Kila moja imezungushiwa ukuta ambao mkalimani huusimamia, ili apleti ya habari isichungulie siri za apleti ya fedha.

Katika laini nyingi kuna tabaka la tano, na hapa ndipo mambo yanapozidi kuvutia. Mojawapo ya apleti hizo huweza kuwa yenyewe ni mkalimani. Hiyo ni kivinjari cha laini. Mifano mashuhuri ni S@T na WIB. Kivinjari hiki husoma kurasa ndogo zilizoandikwa katika msimbo wake maalumu: onyesha maneno haya, uliza kiasi, tuma ujumbe kwa nambari hii. Kampuni inapotaka kubadilisha menyu, haihitaji kuandika apleti mpya. Hupeleka ukurasa mpya kwa njia ya ujumbe mfupi. Kwa hivyo ukurasa unakalimaniwa na kivinjari, nacho kivinjari kinakalimaniwa na mashine ya kidhahania, nayo mashine ya kidhahania inatekelezwa na silikoni. Huo ni ukalimani wa kupokezana kwa maana yake kamili.

Juu ya hayo yote ndipo yanapokaa maneno "Tuma pesa".

Laini haina kinywa

Pamoja na wakalimani wote hao, laini ina upungufu mmoja wa ajabu: haiwezi kuanzisha mazungumzo. Kwa mujibu wa kanuni za kadi zenye chipu, simu ndiyo iulizayo na laini ndiyo ijibuyo. Laini haina skrini wala vitufe wala antena. Je, itaonyeshaje menyu?

Suluhisho lililobuniwa katika miaka ya 1990 linafanana na adabu za mtoto mbele ya wazee. Mtoto hawezi kuwakatiza, lakini anapoulizwa jambo, hujibu na kuongeza kwa upole kuwa naye ana neno. Simu inapoiuliza laini jambo lolote, laini hujibu, na mwishoni mwa jibu huweka alama maalumu inayomaanisha: "Nina la kusema." Simu ikiiona alama hiyo huiambia laini iseme. Hapo ndipo laini hutoa ombi lake: onyesha orodha hii, pokea tarakimu kutoka kwa mtumiaji, peleka ujumbe huu. Simu hutekeleza, kisha huirudishia laini matokeo. Mkulima anapochagua "Tuma pesa", akaandika nambari ya mpokeaji, kiasi na nambari ya siri, mabadilishano ya namna hiyo hutokea katika kila hatua. Mwishowe maelezo hayo hufumbwa kwa ufunguo uliomo ndani ya laini na kusafirishwa kama ujumbe mfupi hadi kwenye seva ya kampuni. Hesabu ya fedha haifanyiki katika laini. Hufanyika huko kwenye seva. Laini ni mjumbe mwaminifu na mtunza muhuri, wala si mweka hazina.

Gharama ya kila tabaka

Ukalimani hauji bure. Amri moja ya msimbo wa kati huweza kugharimu amri kumi au zaidi za silikoni, kwa kuwa mkalimani lazima asome, atambue na akague kabla ya kutenda. Palipo na wakalimani wawili, gharama haijumlishwi bali huzidishwa. Historia ina mfano maarufu. Tarakilishi ya nyumbani ya TI-99/4A, iliyotolewa na Texas Instruments mwaka wa 1981, ilikuwa na kichakataji cha hali ya juu kwa wakati wake. Hata hivyo, intapreta yake ya lugha ya BASIC ilikuwa imeandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha nyingine iitwayo GPL, ambayo nayo ilihitaji intapreta. Programu za BASIC zikawa na mwendo wa kobe, na tarakilishi yenye chipu nzuri ikapata sifa ya uzito.

Kwa nini basi ukalimani wa tabaka mbili ulipingwa katika tarakilishi hiyo na kukubalika katika laini? Jibu liko katika aina ya kazi. Mchezaji wa mchezo wa tarakilishi huihisi kila sehemu ya sekunde inayopotea. Mtu anayeandika nambari ya siri kwa kidole gumba yeye mwenyewe ndiye mwenye kuchelewa. Chipu hata ikiwa nzito bado humsubiri. Faida ya matabaka nayo ni kubwa. Kampuni za mawasiliano hununua laini kutoka kwa watengenezaji tofauti, na bila mkalimani wa kati kila huduma ingeandikwa upya kwa kila aina ya chipu.

Gharama nyingine ni ya nafasi, nayo huacha alama katika lugha yenyewe ya programu. Java Card si Java kamili. Ni Java iliyopunguzwa hadi ikabaki mifupa. Namba zake za kawaida ni za biti 16, ambazo haziwezi kuzidi 32,767. Namba kubwa zaidi ni za hiari, na baadhi ya kadi hazina kabisa. Lakini M-PESA ilipozinduliwa, mtu aliruhusiwa kutuma hadi shilingi 35,000 kwa mara moja. Namba kama hiyo haiingii katika chombo hicho. Hilo halizuii kazi, kwa sababu tarakimu ambazo mtumiaji huandika hupokelewa na laini kama herufi: 3, kisha 5, kisha 0, na kadhalika. Kwa laini, shilingi elfu thelathini na tano si kiasi. Ni neno lenye herufi tano. Mwanafunzi wa lugha atafurahia kuona kwamba ndani ya kifaa cha hesabu, fedha husafiri kama matini.

Tabaka la juu: Kiswahili

Tukilifikia tabaka la juu, ni lazima lichunguzwe kwa makini yaleyale. Ujumbe mfupi mmoja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120. Alfabeti ya msingi ya ujumbe mfupi hutumia biti 7 kwa kila herufi, hivyo nafasi ni herufi 160. Kiswahili, kwa bahati njema, huandikwa chote ndani ya alfabeti hiyo, hata "ng'" yenye kibainishi. Hali si hiyo kwa jirani zake. Gĩkũyũ, lugha yenye wasemaji wengi Thika na Gatuanyaga, ina irabu "ĩ" na "ũ" ambazo hazimo katika alfabeti ya msingi. Irabu moja tu ya namna hiyo ikiingia, ujumbe wote hulazimika kuandikwa kwa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Ndipo mwandishi huamua ama kulipia zaidi ama kuliandika jina la lugha yake bila alama. Uamuzi wa wahandisi kuhusu tabaka la chini umegeuka kuwa shinikizo juu ya tahajia.

Kiswahili kina faida nyingine ya kimofolojia: neno "nimekutumia" lina herufi 11, na hubeba nafsi mbili, wakati na tendo. Lakini faida hiyo hupotea katika nomino. "Nambari ya siri" ina nafasi 15, ilhali PIN ina tatu. Mwandishi wa menyu ya Kiswahili hufanya kazi baina ya mbano huu na ukunjufu huu, kama mtunzi wa shairi anayehesabu mizani.

Suala la maana ni zito zaidi. Kitenzi "toa" kina maana ya kuondoa kitu mahali kilipo, na pia maana ya kumpa mtu kitu. Katika harambee, "toa pesa" ni wito wa kuchanga. Katika menyu ya simu, "toa pesa" ni kuzichukua fedha zako kwa wakala. Mzungumzaji mzoefu huongozwa na muktadha. Lakini mzee anayeishika simu kwa mara ya kwanza hana muktadha mwingine zaidi ya maneno yenyewe, na tabaka zote zilizo chini zitatekeleza chaguo lake kwa uaminifu uleule, liwe alilolikusudia au la. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga. Katika menyu ya fedha, ulimi na dole ni kitu kimoja.

Mkalimani asiyeuliza msemaji ni nani

Hatari iliyotajwa mwanzoni sasa inaweza kuelezwa. Mkalimani hutekeleza anachoambiwa. Kama hathibitishi ni nani anayemwambia, huweza kutumiwa na yeyote. Mwaka wa 2013 mtafiti Karsten Nohl wa Security Research Labs mjini Berlin alionyesha kuwa baadhi ya laini, zikitumiwa ujumbe wenye muhuri wa uongo, zilijibu kwa taarifa ya kosa iliyotiwa muhuri wa kweli. Pale muhuri huo ulipotumia kanuni ya zamani ya DES yenye ufunguo wa biti 56, ufunguo wenyewe uliweza kupatikana kwa hesabu za muda mfupi. Mwenye ufunguo angeweza kupeleka apleti yake ndani ya laini ya mtu. Isitoshe, katika baadhi ya laini ukuta baina ya apleti ulikuwa na nyufa.

Mnamo Septemba 2019 kampuni ya AdaptiveMobile Security ya Dublin ilifichua shambulio ililoliita Simjacker. Shambulio hilo lililenga hasa tabaka la tano, yaani kivinjari cha S@T. Kiwango cha kivinjari hicho kilikuwa hakijafanyiwa marekebisho tangu 2009, na katika baadhi ya nchi laini zilikuwa zimepangwa kupokea kurasa bila kudai muhuri wowote. Mshambulizi alituma ujumbe mfupi uliobeba amri. Kivinjari kikazikalimani, kikaiomba simu ieleze mahali ilipo, kisha kikapeleka jibu kwa mshambulizi. Mwenye simu hakuona wala kusikia lolote. Matabaka ya chini hayakuvunjwa. Yalifanya kazi yake barabara. Kosa lilikuwa katika tabaka moja lililoamini kila sauti.

Dawa yake inajulikana: kila ukurasa udaiwe muhuri, funguo ziwe za kanuni madhubuti, na mtandao uchuje ujumbe wa aina hiyo usiotoka kwa kampuni husika. Lakini funzo ni pana zaidi. Tabaka lililosahauliwa halifi, huendelea kusikiliza.

Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa laini ya simu ni mkusanyiko wa lugha zilizopangwa kwa matabaka, kila moja ikikalimaniwa na iliyo chini yake. Mpangilio huo ndio ulioziwezesha simu duni kubeba huduma ya fedha tangu majaribio ya Thika mwaka wa 2005. Tangu hapo njia nyingine zimeongezeka, zikiwemo programu za simu za kisasa, lakini menyu ya laini ingali inatumika, na kadi za leo bado zina mkalimani wa Java ndani yake.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, matokeo ni mawili. La kwanza ni la istilahi: taaluma ya tafsiri na ukalimani imekwisha kutupa maneno "mfasiri" na "mkalimani", ambayo yanaeleza tofauti ya kompaila na intapreta kwa uwazi kuliko maelezo mengi yaliyokopwa. Yafaa yatumike darasani na katika kamusi. La pili ni la wajibu. Maneno ya menyu mara nyingi huandikwa mwisho, kwa haraka, na mtu asiyeulizwa maana ya "toa". Mhandisi hupima kila baiti inayoingia katika chipu. Mkulima wa Gatuanyaga, ambaye hazioni baiti hizo na huyaona maneno tu, anastahili yapimwe kwa uangalifu huohuo.